Jino Dirishani

Wanaosema alikuwa mkorofi hawamsingizii. Alikuwa mkorofi, na mimi nilikaa naye ukuta kwa ukuta miaka mingi pale Kibiti, kando ya barabara kuu, yeye na studio yake ya picha, mimi na cherehani yangu. Nisichokubali ni mtu kutaja ukorofi halafu akaishia hapo. Msibani kwake kuna mama mmoja alianza hivyo, mkono shavuni, eti marehemu alikuwa na roho nzuri ila mdomo. Nikamwambia mdomo ule ndio ulioniachia mwanangu, na kama hajui habari yote anyamaze. Wenzake wakanitazama vibaya. Nao wanitazame tu.

Mji mzima ulimwita Bi Picha. Mimi nilimwita shangazi, ingawa hatukuwa na udugu wowote, na yeye aliniita fundi tangu siku ya kwanza alipoingia kwangu na kipande cha khanga kuukuu akitaka nimshonee mfuko wa kamera. Nilishona, akaugeuza ndani nje, akavuta kila mshono, akasema utafaa. Kwa mtu mwingine hiyo si sifa. Kwake ilikuwa sifa kubwa, na baadaye sikumsikia akimpa mtu nyingine zaidi ya hiyo.

Kazi yake ilikuwa moja, kupiga picha watoto wachanga. Picha za pasipoti hapigi, mahafali hapigi, na ukimpelekea harusi anakuelekeza kwa vijana wa stendi. Nilimwuliza kwa nini anaacha harusi, maana huko ndiko kwenye shangwe. Akasema bibi harusi akikasirika anaweza kuinuka akaondoka, mtoto mchanga hana pa kwenda, kwa hiyo anayempiga lazima awe anaijua kazi. Alikuwa na taa yake yenye mwavuli, lenzi mbili, na vitambaa nilivyomshonea mimi, laini, visivyo na uzi wa kung'ang'ania kidoleni. Wale vijana wa stendi walikuwa na kamera kubwa kuliko yake na hawakumweza. Mzazi wa kwetu hatoki nje mpaka arobaini yake iishe, na chumbani kwake mwanamume wa mtaani haingii. Shangazi aliingia.

Akishaingia alikuwa na taratibu zake, na ole wako uziguse. Alinawa mikono mpaka viwikoni, akavua pete, akaficha viganja makwapani mpaka vipate joto. Hapo ndipo alipomgusa mtoto. Kisha alikaa chini kwenye mkeka na kungoja, na kungoja kwake kulikuwa kungoja kweli. Mtoto anyonye, alale, akojoe, abadilishwe, anyonye tena. Mawifi wakimwuliza mbona hapigi, naye anawauliza mbona wao hawatoki. Nilishawahi kumwona anakaa asubuhi nzima mpaka adhuhuri inaadhiniwa, akaswali pale pale chumbani, akarudi mkekani, na mtoto ndiyo kwanza amekunja ngumi chini ya kidevu. Akapiga mara chache tu, akafunga mfuko.

Na picha anamwonyesha mama kwanza. Hilo lilileta ugomvi nyumba nyingi, maana kwetu mtoto ni wa ukoo, bibi yake anataka kuona, shangazi zake wanataka kuona, shingo zote zimerefuka juu ya kile kioo kidogo cha kamera. Yeye anaikumbatia kamera kifuani. "Mama kwanza," anasema, "nyie wengine mtaona akipenda." Kuna nyumba moja wifi mtu alijaribu kumpokonya. Shangazi akaizima kamera, akaomba chai, akanywa taratibu mpaka yule wifi aliporudi kukaa mahali pake.

Sasa mtu atauliza, na mambo ya jicho? Maana huku mtoto mchanga haonyeshwi ovyo, na wapo waliosema kumpiga picha kabla ya arobaini ni kumtoa sadaka kwa wenye husuda. Alisemwa sana. Kwenye benchi la kinyozi mbele yetu pale alisemwa kila siku ya Mungu, na yeye anasikia, anawajibu kupitia dirishani huku anafuta lenzi, kwamba amri ya uhai ni ya Mwenyezi Mungu na si ya kamera, na kama jicho lingeua basi yeye na mdomo wake angekuwa amezikwa zamani. Wanacheka, kesho wanaanza upya.

Lakini mtu huyo huyo, naapa, hakupiga mtoto hata mmoja bila kwanza kumpaka wanja kwenye paji la uso, doa kubwa, limekaa upande. Na hakumsifia mtoto kwa sauti hata siku moja. Anamfunua khanga, anamtazama, anasema, "Kibaya hiki, kimemfanana babu yake akila ndimu," na mama mtu anacheka kwa raha kwa sababu anajua maana yake. Nikimwuliza, si ulisema jicho halina kitu? Ananiambia nishone.

Alichokuwa hakivumilii ni hivi vikatuni vya kwenye simu. Mama analeta mwanawe duniani kwa taabu, anamwita shangazi, shangazi anakaa asubuhi nzima kuupata ule uso, anasafisha picha, anaipeleka. Kesho yake anaiona kwenye status, mtoto amebandikwa moyo mwekundu usoni, umebaki utosi na miguu. Alinijia mbio na simu mkononi kama kaibiwa. Alisema kama unaogopa usipige, lakini ukipiga muache mtoto aonekane, yeye si mzigo wa magendo. Akampigia yule mama simu mbele yangu na kumwambia hayo hayo, akakata bila kuaga. Mama yule alinuna mwaka mzima, kisha akapata mimba nyingine akamwita tena.

Naye alikosea, jamani, nisije nikamfanya malaika. Nyumba moja huko Mahege aliona ungo mpya ukutani, wa kusukwa vizuri, akaupenda. Akautandika kitambaa, akamlaza mtoto ndani yake, picha ikapendeza. Bibi mtu alipoingia na uji akauona ungo na mjukuu ndani, uji ukamwagika. Kila mtu huku anajua nani anasafiri kwa ungo, na hasafiri mchana. Yule bibi alipiga ukelele, majirani wakajaa, shangazi akatolewa nje na vifaa vyake vikafuatia. Mimi ningekufa kwa aibu. Yeye alirudi kesho yake na ndoo ya mpunga uliokobolewa, akamwomba bibi amfundishe kupepeta, kwa ungo ule ule, uani, watu wakiona. Walipepeta mpaka wakamaliza, na chakula wakala pamoja. Hakusema samahani, lakini ungo hakuutumia tena, na mtu akimwomba apige mtoto kwenye ungo kama alivyoona Dar es Salaam, anakatazwa kwa ukali kana kwamba yeye mwenyewe hajawahi.

Visiwani huko delta alikwenda pia, kwa wakata mikoko, boti ikikwama kwenye tope wanasubiri maji yajae. Baba mmoja huko alitaka mwanawe apigwe juu ya boriti zake, rundo zima, zingali na maganda na tope. Mawifi wakacheka, wakataka shuka la maua. Shangazi akasema shuka la maua ni la dukani, boriti ni za baba yake, leteni boriti. Walizisugua mbili, wakatandika khanga, mtoto akalala. Picha ile niliitamani kuliko zote alizopiga, ukiondoa moja.

Hiyo moja ni ya kwangu, na nimekuwa naizunguka.

Kwetu pwani kuna neno kigego. Mtoto akizaliwa na jino, au akianza kuota ya juu kabla ya chini, wazee wanamwita hivyo, wanasema ana nuksi na ataimaliza nyumba. Zamani watoto wa namna hiyo hawakuachwa. Siku hizi hakuna anayethubutu kugusa mtoto, ila neno lipo, na neno linatosha kumharibia mtu maisha. Binti yangu alizaliwa na jino. Moja tu, chini, mbele, jeupe kama punje ya mchele. Nesi pale kituo cha afya alilitikisa kwa kidole, akasema limeshika, nimnyonyeshe, likilegea nirudi. Akaenda kwa mgonjwa mwingine. Kwake ilikuwa jambo dogo.

Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Ngorongo kunikanda. Alinikanda vizuri, sitamnyima haki yake, kwa maji ya moto na mikono yenye nguvu. Siku alipoliona lile jino alimfunika mtoto mdomo kwa pindo la khanga, na toka hapo hakumfunua mbele ya mtu. Wageni wakija, mtoto ana homa. Akika ilipofika siku yake haikusomwa. Kisha wakakaa, yeye na shemeji zangu, wakaniletea uamuzi umeshaiva. Mtoto atapelekwa kwa bibi mmoja wa ukoo wao, mashambani ndani kabisa, atalelewa kwa maziwa ya kopo mpaka watu wasahau. Mimi ni kijana bado, nitazaa mwingine. Mume wangu alikaa mlangoni akisikiliza. Nikamtazama aseme neno. Akasema tuwasikilize wazee. Ni mtu mpole mume wangu, na siku ile niliuchukia upole wake kwa moyo wangu wote.

Walipanga waondoke naye Jumamosi. Alhamisi shangazi akaja, mfuko wa kamera begani, kwa sababu tangu nina mimba tuliahidiana kwamba wangu atampiga yeye na vitambaa vyake nimeshona mwenyewe. Mama mkwe akamzuia mlangoni. Mtoto ana homa. Shangazi akasema hana haraka, ataisubiri homa ishuke, akakaa barazani. Kila aliyepita akamsalimu, na kila aliyemsalimu akajibiwa kwa sauti ya kufika sokoni kwamba anasubiri kumpiga mtoto wa fundi, anaambiwa ana homa, ila haoni mtu akienda hospitali. Saa ya chakula ilipofika mlango ukafunguliwa.

Alinawa, akavua pete, akapasha mikono. Mama mkwe alisimama juu yetu, khanga imekaza kifuani. Shangazi akamfunua mwanangu uso, akampaka wanja, akasema kibaya hiki. Halafu mtoto akapiga mwayo, mwayo mrefu wa kitoto, na jino likaonekana lote. Shangazi hakushtuka wala hakumtazama mama mkwe. Alinigeukia mimi.

"Fundi, nimeliona. Nimpige mdomo umefumba au umefunguka? Sema wewe."

Hakuna aliyekuwa ameniuliza kitu tangu nijifungue. Walikuwa wananiambia tu. Hasira ikanipanda.

"Umefunguka," nikasema.

Mama mkwe akasema tukilipiga lile jino tumeuvua nguo ukoo mzima. Shangazi akamjibu kwa adabu kabisa, akamwita bi mkubwa, akasema ukoo ukitaka kuvaa nguo uvae, mtoto yeye hajaficha kitu. Kisha akangoja. Sijui tulikaa kiasi gani. Mwayo ulikuja tena, kamera ikalia mara moja, na akafunga mfuko.

Ijumaa baada ya swala akarudi na picha ndani ya bahasha. Mama kwanza. Niliitazama nikalia, maana kwa mara ya kwanza nilimwona mwanangu bila pindo la mtu mdomoni, na alikuwa mzuri, mzuri wa kweli, amefumba macho na kinywa kimefunguka kama anayeanza kuwasimulia jambo. Shangazi akaniacha nilie. Halafu akaniuliza aitundike dirishani kwake au asiitundike, na niseme kweli, kwa sababu ikishatundikwa haifichiki tena. Nikamwambia aitundike, iwe kubwa, mbele.

Jumamosi asubuhi watu walikuwa wamejaa mbele ya studio. Wengine walikuja kucheka, wengine wameziba midomo kwa mkono, benchi la kinyozi lote limesimama. Mama mkwe alikuwa tayari amefunga mzigo wa safari, habari ikamkuta, akatoka mbio kwenda kuishusha. Nilizisikia kelele kutoka chumbani. Arobaini yangu haijafika hata nusu. Mzazi hatoki, mtoto hatoki, hilo nililijua tangu utotoni. Nikajifunga khanga, nikambeba mwanangu, uso wazi, nikatoka.

Njia yote watu walinipisha. Nilipofika, mama mkwe ameshika fremu, shangazi amesimama mlangoni kwake mikono kiunoni anasema haishuki mpaka mama yake aje aseme. Nikasema nimekuja. Nikasimama chini ya ile picha, nikamgeuza mtoto waone wote. 

"Mwanangu ndiye huyu, na jino lake ndilo hili. Anayetaka kumwona, yupo. Anayetaka kumficha, aanze na mimi."

Mume wangu alikuwa kati ya wale watu, sikumwona mpaka aliposogea. Alitazama picha, akamtazama mtoto, kama ndiyo kwanza wanakutana. Akamtoa mama yake mkono kwenye fremu, polepole, akamwambia mama twende nyumbani. Kisha akaenda kutafuta mbuzi wa akika.

Mama mkwe alirudi Ngorongo kesho yake bila kuniaga. Picha ikakaa dirishani. Jua likaila rangi, shangazi akasafisha nyingine akaiweka. Na kina mama wakaanza kuja kwake kutoka vijiji ambavyo hakuwahi kufika, wa mtoto mwenye mdomo uliochanika, wa mtoto mwenye baka jekundu nusu uso. Walikuwa wanajificha, wakapita barabarani, wakaona jino. Aliwakorofisha wote sawasawa, na hakumfunika mtoto wa mtu.

Miguu ndiyo iliyomshinda. Ilianza kuvimba, akawa hawezi tena kukaa mkekani, akasema asiyeweza kukaa chini na mtoto aache kazi, akaacha. Mwanawe akamchukua kwake Mtawanya. Pale palipokuwa studio sasa wanauza makava ya simu. Ile picha aliondoka nayo.

Mara ya mwisho kumwona, binti yangu alikuwa ameshaanza shule. Lile jino lililegea kama meno ya watoto wote, likang'oka asubuhi wakati anakula muhogo. Mama mkwe alikuwapo, maana miaka ilipita na binti yule yule ndiye aliyemfuata fuata bibi yake mpaka ugomvi ukachoka. Bibi akalifunga jino kwenye pindo la khanga, akamfundisha namna ya kulirusha juu ya paa na kuomba jipya, kama tulivyofundishwa sote. Mtoto akakataa. Akasema mpaka Bi Picha alione kwanza. Basi tukaenda Mtawanya watatu, mimi, yeye na bibi yake.

Shangazi alikuwa kwenye kiti, miguu juu ya kigoda. Kamera alikuwa nayo, kwenye mfuko wangu ule ule. Alitaka kumpiga, na binti yangu akabana midomo, maana shuleni walimcheka pengo.

"We," shangazi akamwambia, "ulinifungulia huna hata mwezi. Leo mkubwa mzima unanifumbia?"

Mtoto akacheka, na akampata. Akamwambia kibaya hiki, akaniita mimi kwanza nione.

Tulipokuwa tunaaga, mama mkwe hakuinuka. Alikuwa anaitazama ile picha ya zamani, iliyokuwa ukutani juu ya kitanda. Akakohoa, akamwambia shangazi, huku anatazama chini, kama haina kazi tena hapa, yeye angeomba akaiweke kwake Ngorongo.

Shangazi hakufikiri hata kidogo. "Usiniombe mimi, bi mkubwa. Muombe mama yake."

Mama mkwe akanigeukia. Mkono wake ulikuwa bado umeshika lile pindo lenye jino. Miaka yote ile hakuwahi kuniomba kitu, na nilimwacha aombe mpaka mwisho, sikumsaidia kwa neno. Alipomaliza nikapanda kitandani, nikaishusha picha mwenyewe, nikampa.

"Sebuleni, mama," nikamwambia. "Siyo chumbani."